Linki ngumu na linki laini kwenye terminali: mwongozo kamili kutoka studio ya Moshi

Desemba hapa Moshi studio hazilali. Watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, na kila Jumamosi kuna harusi Kibosho, kipaimara Marangu, jubilei Uru. Jumamosi moja ya namna hiyo nilifika ukumbini na laptopu, nikaunganisha projekta, nikafungua folda ya ONYESHO yenye picha 180 za jubilei ya ndoa ya miaka 25. Majina ya faili yote yapo. Picha hata moja haifunguki. MC anavuta maneno, kamati inanitazama, na ndafu ameshaingia.

Nilikuwa nimebeba vibao vya kuelekeza. Picha zenyewe zilibaki studio. Dogo ninayefanya naye kazi alinitumia diski kwa bodaboda, na ukumbi ulisubiri. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natumia amri ya `ln`, inayotengeneza linki (jina la pili la faili, au kibao cha kuielekeza), kwa kunakili mstari mmoja niliouona mahali, bila kujua unafanya nini hasa.

Haya ndiyo ambayo ningependa mtu anieleze kabla ya siku ile. Mimi natumia Ubuntu, kwa hiyo mifano ni ya Linux. Mwenye Mac atakuta amri karibu zote ni zilezile, na mwenye Windows ana sehemu yake huko chini.

## Jina na faili ni vitu viwili

Tumezoea kusema "faili hii inaitwa harusi.mp4" kana kwamba jina limebandikwa juu ya faili. Kwenye diski mambo hayako hivyo. Data inakaa sehemu yake, na taarifa zake zote (ukubwa, mmiliki, ruhusa, tarehe, na data iko wapi kwenye diski) zinatunzwa kwenye rekodi ndogo iitwayo inodi, yenye namba yake. Ndani ya inodi hakuna jina. Jina linakaa kwenye folda, na folda nayo ni orodha tu: jina hili, inodi namba hii, jina lile, inodi namba ile.

Chukua mfano wa kiwanja. Kwenye ramani kina namba moja, lakini wengine wanakiita "kwa Meku" na wengine "pale penye mparachichi". Watu wakiacha kusema "kwa Meku", kiwanja hakijasogea hata hatua moja. Linki ngumu ni hivyo: jina la pili la inodi ileile. Na hakuna jina kubwa wala dogo hapo. Lililotangulia na lililofuata yana hadhi sawa kabisa. Hili watu wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho.

Linki laini, kwa jina lake kamili linki ya ishara, ni kibao kwenye mlango wa fundi cherehani: "Nimehamia soko la Mbuyuni, kibanda cha tatu." Kibao ni kitu chenyewe, kina ubao wake na misumari yake, ila hakishoni nguo. Fundi akihama tena bila kukibadilisha, kinabaki pale kikidanganya wateja.

Linki ngumu ndiyo kongwe; `ln` imo kwenye Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux imeufuata, tangu toleo la kwanza la 1971. Linki laini zilienea na 4.2BSD, toleo la Unix la 1983, kuziba mapengo mawili ya linki ngumu ambayo tutayaona sasa hivi.

## Hatua ya 1: Tengeneza linki ngumu

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ufanye haya kwenye folda ya mazoezi. Usianzie kwenye kazi ya mteja.

```
mkdir -p ~/mazoezi
cd ~/mazoezi
echo "Maharusi wanaingia ukumbini" > harusi.txt
ln harusi.txt ndoa.txt
ls -li
```

Utaona kitu kama hiki:

```
1835027 -rw-rw-r-- 2 studio studio 28 Dec 14 09:12 harusi.txt
1835027 -rw-rw-r-- 2 studio studio 28 Dec 14 09:12 ndoa.txt
```

Safu ya kwanza ni namba ya inodi, na kwa majina yote mawili ni moja. Ile 2 inayofuata ruhusa ndiyo hesabu ya majina: inodi hii inajulikana kwa majina mawili. Sasa ongeza mstari kupitia jina moja, usome kupitia jina la pili, kisha ufute lile la kwanza:

```
echo "Keki imekatwa" >> ndoa.txt
cat harusi.txt
rm harusi.txt
cat ndoa.txt
```

Maneno yote yapo, hata baada ya `rm`. Amri ya `rm` haifuti faili, inafuta jina. Data inaachiliwa pale tu hesabu ya majina inapofika sifuri na hakuna programu iliyoifungua. Ndiyo maana siku moja nilifuta video ya GB 38 nikitafuta nafasi, nikaangalia `df -h`, na nafasi haikuongezeka hata kidogo. Ilikuwa na jina la pili kwenye folda nyingine ambalo nililitengeneza mwenyewe nikasahau. Ukikutana na hali hiyo, kabla hujafuta uliza majina mengine yako wapi:

```
find /data -samefile /data/kazi/video.mp4
```

Kuhusu mpangilio wa maneno: kilichopo kinatangulia, jina jipya linafuata, kama vile kwenye `cp` na `mv`. Ukichanganya, kwa kawaida `ln` itakataa (utaona `No such file or directory` kwa linki ngumu, au `File exists` kwa linki laini, inayotengenezwa kwa `-s`), na hapo imekuokoa. Lakini ukiwa na mazoea ya kuongeza `-f` (lazimisha) kila mahali ili isikusumbue, siku moja utaandika hivi:

```
ln -sf mpya.mp4 harusi.mp4
```

ukidhani unatengeneza `mpya.mp4`. Itaifuta `harusi.mp4` yako halisi, iweke mahali pake kibao kinachoelekeza kwenye faili ambayo haipo, na wala haitasema neno. `-f` tumia ukiwa na sababu.

## Hatua ya 2: Zijue kuta za linki ngumu

Ukuta wa kwanza ni folda. Jaribu `ln` kwenye folda, utajibiwa:

```
ln: picha: hard link not allowed for directory
```

Ingeruhusiwa, mtu angeweza kuiweka folda ndani yake mwenyewe, na programu inayopita folda kwa folda ingezunguka milele.

Ukuta wa pili ni mfumo wa faili. Namba ya inodi ina maana ndani ya diski yake tu, au kwa usahihi zaidi ndani ya patisheni yake, yaani kipande cha diski kilichogawanywa. Namba 1835027 ya diski ya nje ni faili nyingine kabisa. Kwa hiyo ukijaribu kuvuka unapata:

```
ln: failed to create hard link '/mnt/ghala/ndoa.txt' => 'ndoa.txt': Invalid cross-device link
```

Hizo mbili zinajitangaza. Ya tatu ndiyo mbaya, maana haisemi kitu. Programu nyingi zinapohifadhi mabadiliko haziandiki juu ya faili ya zamani. Zinaandika faili mpya pembeni, kisha zinaipa jina la ile ya zamani. Jina likabaki, inodi ikabadilika. Jionee kwa `sed -i`, amri inayobadilisha maneno ndani ya faili:

```
ln ndoa.txt nakala.txt
sed -i 's/Keki/Keki kubwa/' ndoa.txt
ls -li
```

```
1835027 -rw-rw-r-- 1 studio studio 42 Dec 14 09:12 nakala.txt
1835029 -rw-rw-r-- 1 studio studio 48 Dec 14 09:15 ndoa.txt
```

Zimeachana. Zamani zilikuwa faili moja, sasa ni mbili, na hakuna aliyekuarifu. (Kwenye Mac andika `sed -i ''`.) Kwa sababu hii sitegemei linki ngumu kwa faili ninayoihariri. Naitumia kwa vitu vilivyokwisha kupoa: video ghafi zilizotoka kwenye kamera, picha ambazo hazitaguswa tena.

Na ruhusa je? Zinakaa kwenye inodi, kwa hiyo ukibadilisha kwa jina moja umebadilisha kwa yote. Vilevile tarehe.

## Hatua ya 3: Tengeneza linki laini

Tofauti kwenye amri ni `-s` tu.

```
ln -s ndoa.txt kibao.txt
ls -li kibao.txt
```

```
1835031 lrwxrwxrwx 1 studio studio 8 Dec 14 09:20 kibao.txt -> ndoa.txt
```

Itazame vizuri. Inodi ni yake mwenyewe. Herufi ya kwanza ni `l`. Ruhusa zimefunguliwa zote, lakini zisikutishe. Kinachohesabika ni ruhusa za faili inayoelekezwa. Na ukubwa ni baiti 8. Hesabu herufi za "ndoa.txt", nukta ikiwemo: ni nane. Hicho tu ndicho kilichomo ndani ya linki laini, maandishi ya njia. Folda yangu ya ONYESHO yenye picha 180 ilikuwa na kilobaiti chache, na kama ningeangalia ukubwa wake kabla ya kutoka studio ningejua mapema.

Kwa kuwa ni maandishi tu, `ln -s` haihakiki kama kinachoelekezwa kipo. Itakuandikia kibao cha kuelekeza popote. Sasa mhamishe fundi:

```
mv ndoa.txt arusi.txt
ls kibao.txt
cat kibao.txt
```

`ls` inasema kibao.txt ipo. `cat` inasema `No such file or directory`. Zote mbili zinasema kweli: `ls` imeona kibao, `cat` imekifuata ikakuta mlango umefungwa. Terminali nyingi hukionyesha kibao kilichovunjika kwa rangi nyekundu ukitumia `ls -l`.

Kuna jambo la ajabu hapa. Ukiandika kupitia kibao kilichovunjika, kwa mfano `echo "habari" > kibao.txt`, hupati kosa. Inazaliwa `ndoa.txt` mpya, tupu isipokuwa neno lako, na ile ya kweli iko pembeni kwa jina la arusi.txt. Nimewahi kupoteza nusu saa nikitafuta kwa nini orodha yangu ya wateja imebaki na mstari mmoja.

Kusoma kibao kimeandikwa nini tumia `readlink kibao.txt`. Kujua mwisho wa safari, hata kama kibao kinaelekeza kwenye kibao kingine, tumia `readlink -f kibao.txt`. Vibao viwili vikielekezana, utaambiwa `Too many levels of symbolic links`. Linux huacha kufuata baada ya hatua 40.

## Hatua ya 4: Njia, mahali ambapo wengi hukosea

Kama utasoma sehemu moja tu kwa makini, iwe hii.

Njia ndani ya linki laini inaweza kuwa kamili, inayoanza na mkwaju (`/data/kazi/picha/0412.jpg`), au fupi, inayohesabiwa kutoka mahali fulani (`picha/0412.jpg`). Swali ni mahali gani. Wengi hudhani ni pale uliposimama ulipoandika amri. Hapana. Inahesabiwa kutoka kwenye folda ambamo kibao chenyewe kimepigiliwa.

Tuseme uko `/data/kazi`, una folda mbili, `picha` na `ONYESHO`. Unaandika:

```
ln -s picha/0412.jpg ONYESHO/0412.jpg
```

Kwa macho yako ni sahihi. Lakini kibao kiko ndani ya ONYESHO na kimeandikwa "picha/0412.jpg", kwa hiyo anayekisoma atatafuta `/data/kazi/ONYESHO/picha/0412.jpg`. Haipo. Ni sawa na kumwambia mtu aliyeko Marangu "nyumba ya pili kushoto" huku wewe uko stendi ya Moshi mjini.

Iliyo sahihi ni kupanda juu kwanza:

```
ln -s ../picha/0412.jpg ONYESHO/0412.jpg
```

Au uiachie `ln` ya Linux ikupigie hesabu kwa `-r`, ambayo ndiyo ninayoitumia kila siku:

```
ln -sr picha/0412.jpg ONYESHO/
```

Mac haina `-r` kwenye `ln` yake, kwa hiyo huko utahesabu mwenyewe.

Ipi bora, kamili au fupi? Mimi nina msimamo. Kama kibao na kitu kinachoelekezwa vinaishi kwenye folda moja kubwa na vitahama pamoja, tumia fupi. Ukiibeba folda nzima ya `/data/kazi` kwenda mashine nyingine, vibao vinaendelea kufanya kazi. Kama vinaishi mbalimbali, mfano kibao kiko nyumbani kwako na kitu kiko diski ya pili, tumia kamili. Kosa langu la jubilei lilikuwa pande zote mbili: njia kamili za `/data/...`, na nikabeba ONYESHO peke yake kwenda laptopu isiyokuwa na `/data`.

## Hatua ya 5: Linki ya folda, kuibadilisha na kuifuta

Nina kibao kiitwacho `sasa` kinachoelekeza folda ya mwaka huu, ili programu zangu zisihitaji kujua mwaka.

```
cd /data
ln -s kazi/2024 sasa
```

Mwaka ulipoisha niliandika `ln -sf kazi/2025 sasa`, nikaona kimya, nikaondoka nikijua imebadilika. Haikubadilika. Kwa kuwa `sasa` inaongoza kwenye folda, `ln` iliingia ndani ya folda ya 2024 ikatengeneza humo kibao kiitwacho `2025`, tena kilichovunjika. Wiki nzima picha za mwaka mpya zilimwagika kwenye folda ya mwaka wa jana. Dawa ni `-n`, inayoiambia `ln` isiingie ndani ya kibao:

```
ln -sfn kazi/2025 sasa
```

Kufuta, tumia `rm sasa` au, salama zaidi, `unlink sasa`. Angalia mkwaju wa mwisho. `rm -r sasa/` si sawa na `rm sasa`. Mkwaju unamaanisha "ingia ndani", na `rm -r` inaweza kuanza kufuta vilivyomo kwenye folda halisi. Kitufe cha Tab nacho mara nyingine hukuongezea mkwaju huo bila kuombwa. `unlink` haijui kufuta folda, kwa hiyo hata ukiteleza haitaleta msiba. Nimemzoesha dogo: kibao kinang'olewa kwa `unlink`, basi.

## Hatua ya 6: Kuhamisha kazi za zamani bila kuvunja miradi

Hapa ndipo linki laini inaponilipa. Mradi wa Kdenlive, programu ya kuhariri video, unakumbuka klipu kwa njia zake. Ukihamisha video kwenda diski nyingine, mradi unafunguka ukilalamika klipu hazionekani. Lakini ukiacha kibao pale zilipokuwa, mradi haujui kama kuna kilichohama.

```
rsync -a /data/kazi/2023/ /mnt/ghala/2023/
diff -rq /data/kazi/2023 /mnt/ghala/2023
mv /data/kazi/2023 /data/kazi/2023.zamani
ln -s /mnt/ghala/2023 /data/kazi/2023
```

`rsync` inanakili folda nzima, na `diff` inalinganisha. `diff` ikinyamaza, nakala ni sawa. Fungua mradi mmoja au miwili, cheza video, ridhika, ndipo ufute `2023.zamani`. Usiruke hatua hiyo ya kubadilisha jina kwanza. Ni kinga ya bure.

Diski ya ghala ikiwa haijachomekwa, kibao kinakuwa kimevunjika mpaka uichomeke. Ila ukiiacha ijifungue yenyewe kwenye `/media`, inaweza kuongezewa namba mwishoni mwa jina siku ambayo jina hilo limeshakaliwa, na vibao vyote vikafa. Iandike kwenye `/etc/fstab`, faili inayoieleza Linux diski ipi ifungukie wapi, kwa UUID yake (namba yake ya kipekee) ili ikae `/mnt/ghala` siku zote.

## Hatua ya 7: Bakapu ya kila siku inayotumia linki zote mbili

Tuanze na onyo: linki ngumu si bakapu. Majina mawili ya data moja yatakufa pamoja diski ikifa, na ukiandika juu ya moja umeandika juu ya yote. Lakini kwenye diski ya bakapu yenyewe, linki ngumu inafanya jambo zuri sana.

```
LEO=$(date +%F)
rsync -a --link-dest=/bakapu/mwisho /data/kazi/ /bakapu/$LEO/ \
  && ln -sfn $LEO /bakapu/mwisho
```

Kila siku inazaliwa folda mpya yenye tarehe, mfano `2025-12-14`, na ndani yake kuna kazi zote, kamili. Faili ambayo haijabadilika tangu bakapu iliyopita hainakiliwi; `rsync` inaipa jina jipya tu, linki ngumu kwa ile ya jana. Iliyobadilika ndiyo inayochukua nafasi. Linki laini ya `mwisho` inasogezwa kila mara kuelekea bakapu ya karibuni, ili kesho `rsync` ijue ilinganishe na ipi. Siku ya kwanza italalamika kuwa `mwisho` haipo, iache, itaendelea.

Utamu uko kwenye kufuta. Ukiona diski inajaa, futa folda ya tarehe ya zamani yoyote. Unafuta majina, faili zinazohitajika na tarehe nyingine zinabaki na majina yao mengine. Kuona kila siku imekula nafasi kiasi gani, tumia amri moja kwa zote:

```
du -sh /bakapu/20*
```

`du` huhesabu inodi mara moja tu, kwa hiyo folda ya kwanza itaonyesha ukubwa wote na zinazofuata zitaonyesha tofauti tu. Usiongeze `--inplace` kwenye ile `rsync`, maana ukiirudia siku hiyohiyo inaweza kuandika juu ya faili ileile na kuharibu bakapu za jana na juzi kwa mkupuo. Na siku ukihamisha bakapu zote kwenda diski kubwa zaidi, tumia `rsync -aH`. Bila `-H`, linki ngumu hazitunzwi. Kila jina linakuwa nakala kamili, na diski mpya inajaa kabla hujafika katikati.

## Kwa wenye Windows

NTFS, mfumo wa faili wa Windows, una linki ngumu na linki laini pia. Kwenye Command Prompt amri ni `mklink`, na mpangilio wake ni kinyume: jina jipya kwanza, kilichopo baadaye. Huu mgeuko umewasumbua wengi wanaotumia mifumo yote miwili, mimi nikiwemo.

```
mklink /H ndoa.txt harusi.txt
mklink kibao.txt harusi.txt
mklink /D sasa D:\kazi\2025
mklink /J sasa2 D:\kazi\2025
```

`/H` ni linki ngumu, bila herufi ni linki laini ya faili, `/D` ni ya folda. `/J` ni aina nyingine ya kibao cha folda, na uzuri wake haidai haki za msimamizi. Linki laini hudai, isipokuwa umewasha hali ya wasanidi kwenye mipangilio ya Windows 10 au 11. Kung'oa kibao cha folda tumia `rmdir sasa`. Usitumie `del`, kwa kuwa inalenga faili zilizomo ndani.

## Kabla ya kutoka na diski

Flashi nyingi za wateja zina mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haijui linki za aina yoyote. Ukikopi folda yenye vibao kwa `cp -r` utajibiwa `cannot create symbolic link ... Operation not permitted`. Angalau hapo unajua. Hatari ni pale diski inapozikubali, kama laptopu yangu ilivyozikubali. Unapompelekea mtu kitu, fuata vibao ubebe vitu vyenyewe:

```
cp -rL ONYESHO /media/studio/FLASHI/
```

Kwa `rsync` ni `-aL`, kwa `tar` ni `-h`. Lakini kwanza hakikisha hakuna kibao kilichovunjika, maana kisichoelekeza popote hakiwezi kukopiwa:

```
find ONYESHO -xtype l
du -shL ONYESHO
```

Ya kwanza inataja vibao vilivyokufa, na ya pili inaonyesha ukubwa wa vitu halisi ambavyo vibao vinaelekeza. (Kama `find` yako haijui `-xtype`, tumia `find -L ONYESHO -type l`.) Kisha naenda kwenye flashi yenyewe, naandika `du -sh` bila L, nalinganisha. Picha 180 za kamera yangu ni GB moja na ushee. Nikiona kilobaiti, sijabeba kitu. Namba zikikaribiana nachomoa flashi vizuri, naichomeka kwenye laptopu nyingine, nafungua picha tatu: ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho. Ndipo nafunga zipu ya begi na kutafuta bodaboda.